Cheti, Barua na Picha: Kuzitambua na Kuzitunza Karatasi Zinazosema Sisi ni Nani

Katika nyumba nyingi za Handeni na Korogwe, ziwe za matofali na bati au za miti na udongo, kuna mahali pamoja ambapo watoto hawaruhusiwi kugusa. Yaweza kuwa sanduku la bati chini ya kitanda, mkoba uliotundikwa juu ukutani, au bahasha ya khaki iliyowekwa katikati ya kurasa za Biblia au za Msahafu. Humo mna vyeti vya kuzaliwa na vya ubatizo, cheti cha ndoa, vyeti vya shule, kadi za kliniki, hati ya shamba, kitambulisho cha marehemu babu, barua mbili tatu na picha zilizoanza kufifia. Moto ukizuka, au maji ya mto yakipanda hadi mlangoni, watu huokolewa kwanza. Kinachofuata kutolewa nje ni mfuko huo.

Makala hii haikusudii kuorodhesha kila karatasi iliyomo mfukoni. Inakusudia kueleza tofauti moja ambayo familia nyingi haziitambui mpaka siku ya shida: zipo karatasi zenye kitabu nyuma yake, na zipo karatasi zisizo na kitabu chochote. Karatasi ya aina ya kwanza ikiungua, ukweli wake bado umeandikwa mahali pengine na waweza kutolewa tena. Karatasi ya aina ya pili ikiliwa na mchwa, kilichoandikwa humo kimekwisha. Anayeielewa tofauti hiyo atajua ni kipi akakitafute ofisini, na ni kipi akilinde nyumbani kwa mikono yake mwenyewe.

Karatasi kama shahidi

Neno la kinywa lina nguvu pale mashahidi wanapokuwa hai na wanapopatana. Lakini mashahidi hufa, huhama, na wakati mwingine hubadili maneno yao kwa woga au kwa tamaa ya mali. Karatasi iliyoandikwa mapema, wakati hakuna ugomvi, husema jambo lile lile mbele ya kila mtu. Nayo humsemea zaidi yule asiyeweza kujisemea: mtoto mchanga, mjane, yatima na marehemu.

Maandiko Matakatifu yanalifahamu jambo hili. Katika sura ya 32 ya Kitabu cha Nabii Yeremia, mji wa Yerusalemu umezingirwa na jeshi la Babeli, naye nabii yumo kifungoni katika ua wa walinzi. Hata hivyo ananunua shamba la Anathothi kutoka kwa ndugu yake Hanameli kwa shekeli 17 za fedha. Hati inaandikwa, mashahidi wanatia sahihi, nakala moja inafungwa kwa muhuri na nyingine inaachwa wazi. Kisha Baruku anaagizwa kuziweka zote mbili katika chombo cha udongo ili zidumu siku nyingi. Kwa hesabu ya kibiashara, kununua shamba lililokwisha kukanyagwa na adui kulikuwa ni hasara. Kuitunza hati yake kulikuwa ni tamko la imani kwamba siku itakuja ambapo watu watajenga, watalima na kuuziana mashamba tena katika nchi ile.

Katika Kitabu cha Tobiti, mzee Tobiti anakumbuka kwamba miaka 20 iliyopita aliweka fedha kwa Gabaeli kule Media. Waliandikiana hati, wakaikata vipande viwili, kila mmoja akachukua kipande chake. Mzee ni kipofu na maskini, safari ni ndefu, lakini kijana Tobia anaweza kutumwa kwa sababu kipande cha karatasi kipo. Nacho Kitabu cha Ezra, katika sura ya 2, kinatuonyesha upande wenye uchungu zaidi. Miongoni mwa waliorudi kutoka uhamishoni walikuwamo wana wa makuhani waliotafuta majina yao katika orodha ya vizazi wasiyaone, wakazuiwa kutumikia ukuhani mpaka shauri lao litakapoamuliwa. Hawakukosa ukoo; walikosa maandishi ya ukoo. Hata leo wapo wengi miongoni mwetu walio katika hali hiyo hiyo.

Karatasi zenye kitabu: cheti cha ubatizo

Tuanze na karatasi ambayo Mkatoliki huijua tangu utoto. Cheti cha ubatizo hakijitegemei. Ni dondoo tu la mstari mmoja katika Kitabu cha Wabatizwa kilichomo katika ofisi ya parokia. Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, uliwaagiza maparoko kuwa na kitabu cha kuandika ndoa, na Kitabu cha Ibada cha mwaka 1614 kikaeleza namna ya kuandika vitabu vya ubatizo, kipaimara, ndoa, hali ya waamini na vifo. Sheria za Kanisa za mwaka 1983 zinaendeleza utaratibu huo. Kanuni ya 535 inaiagiza kila parokia kuwa na vitabu vya ubatizo, ndoa na vifo, na kuwa na hifadhi ya nyaraka ambayo askofu au mjumbe wake huikagua wakati wa ziara. Kanuni ya 877 inaeleza yanayopaswa kuandikwa: jina la mbatizwa, la mhudumu, la wazazi, la wasimamizi na la mashahidi kama walikuwapo, mahali na tarehe ya ubatizo, pamoja na tarehe na mahali pa kuzaliwa.

Kuna jambo hapa ambalo huwashangaza waamini wengi. Kijana anayetaka kufunga ndoa huja ofisini na cheti alichotunziwa na mama yake kwa miaka 25, kikiwa safi kama kilivyotolewa, naye huambiwa kwamba akalete kingine kipya kutoka parokia alikobatizwa. Si kwa sababu cheti cha zamani hakiaminiki. Ni kwa sababu kitabu kinaendelea kuandikwa baada ya cheti kutoka. Kanuni ya 535 inataka pembeni mwa jina la mbatizwa yaongezwe mambo yanayogusa hali yake katika Kanisa: kipaimara, ndoa, daraja takatifu, nadhiri za kudumu za kitawa. Cheti cha mwaka 1998 kinaeleza hali ya mtu mwaka 1998. Kilichotolewa mwezi uliopita kinaeleza kama mtu huyo yu huru kufunga ndoa leo. Kwa njia hiyo kitabu kimoja huwalinda watu wawili, yaani anayeomba ndoa na yule anayetaka kuolewa naye bila kudanganywa.

Kwa hiyo jambo la kwanza ambalo kila mwamini anapaswa kulijua, hata kama cheti chake kimepotea, ni jina la parokia alikobatizwa, mwaka, na ikiwezekana namba ya ubatizo. Kwa maelezo hayo matatu kitabu hufunguliwa na mstari hupatikana. Kanuni ya 487 inampa kila mhusika haki ya kupata nakala halali ya nyaraka za hadharani zinazohusu hali yake binafsi. Na pale ambapo kitabu chenyewe kimeharibika, Kanisa halimwachi mtu njiani. Kanuni ya 876 inaeleza kwamba, ikiwa hakuna anayeathirika, tamko la shahidi mmoja asiyetiliwa shaka latosha kuthibitisha ubatizo, au kiapo cha mbatizwa mwenyewe kama alibatizwa akiwa mtu mzima. Msimamizi wa ubatizo, ambaye wengi humchagua kwa ajili ya picha na zawadi, siku moja yaweza kuwa yeye peke yake ndiye kitabu kilichobaki.

Vyeti vya serikali na hati ya shamba

Utaratibu ni ule ule upande wa serikali. Cheti cha kuzaliwa na cheti cha kifo ni dondoo za rejesta zinazosimamiwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA, kwa mujibu wa Sheria ya Uandikishaji wa Vizazi na Vifo, Sura ya 108. Kizazi kinapaswa kuandikishwa ndani ya siku 90. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inatambua haki ya mtoto kuwa na jina na uraia, na inawapa wazazi au walezi wajibu wa kumwandikisha. Baada ya siku 90 bado inawezekana kuandikishwa, lakini ushahidi zaidi huhitajika: kadi ya kliniki, cheti cha shule ya msingi, au cheti cha ubatizo.

Ifahamike vizuri kwamba cheti cha ubatizo si mbadala wa cheti cha kuzaliwa. Cha kwanza kinashuhudia kuzaliwa kwa maji na kwa Roho. Cha pili kinashuhudia kwamba raia fulani yupo. Mtoto anahitaji vyote viwili. Hata hivyo kimoja husaidia kingine, na wapo wazee waliozaliwa nyumbani, mbali na zahanati, ambao tarehe yao ya kuzaliwa iliandikwa na padre au katekista kabla haijaandikwa na ofisi nyingine yoyote. Kwa sababu hiyo jina linapaswa kuandikwa kwa namna moja kila mahali. Mtu anayeitwa Yohana ubatizoni, John shuleni na Juma katika kitambulisho cha Taifa atatumia fedha na siku nyingi kwa hati za viapo kabla hajaaminiwa kwamba ni mtu mmoja. Dakika tano za kusoma kwa makini kabla ya kutia sahihi humwepusha na usumbufu huo.

Cheti cha ndoa nacho kina kitabu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ndoa ziandikishwe, ziwe zimefungwa kanisani, msikitini, kimila au mbele ya msajili. Thamani ya karatasi hii huonekana siku ambayo hakuna aliyeifikiria wakati wa harusi. Mume anafariki, kikao cha ukoo kinakaa, na shauri la mirathi linapelekwa Mahakama ya Mwanzo. Mjane mwenye cheti cha kifo cha mumewe na cheti chake cha ndoa huingia mahakamani akiwa na mashahidi wawili wasiokufa wala kushawishika. Asiye navyo hulazimika kuwatafuta watu wa kumsemea, na baadhi yao huenda ndio wanaolitaka shamba.

Katika Handeni, ambako wakulima na wafugaji huhitaji ardhi ile ile, na katika Korogwe, ambako vijiji vimepakana na mashamba makubwa ya mkonge, hati ya shamba ina uzito wa pekee. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 iliweka Hati ya Hakimiliki ya Kimila, inayotolewa na halmashauri ya kijiji na kuandikishwa. Kumbukumbu zake hutunzwa katika masjala ya ardhi ya kijiji na ya wilaya. Hati hii yaweza kubeba majina ya mume na mke kwa pamoja, na familia inayofanya hivyo imemaliza ugomvi mmoja kabla haujaanza. Karatasi ya mauziano iliyoandikwa kwa mkono na kushuhudiwa na majirani wawili ni bora kuliko kutokuwa na kitu. Lakini bila kuingizwa katika kumbukumbu za kijiji, hiyo ni karatasi isiyo na kitabu, nayo ikipotea imepotea.

Kipande, namba na jina

Historia ya Korogwe inatufundisha kwamba si kila karatasi humheshimu mtu kwa kiwango kile kile. Mkonge uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, na bonde la mto Pangani likajaa mashamba yaliyohitaji mikono mingi. Watu walitoka mbali kuja kukata mkonge: kutoka Kigoma, Unyamwezi, nyanda za juu za kusini, Msumbiji, Rwanda na Burundi. Walioletwa kwa mikataba waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba na kwa namba hiyo aliitwa.

Karatasi waliyoitunza kuliko zote ilikuwa kipande. Tangu wakati wa Wajerumani, mwaka 1907, katika milima ya Usambara watu walipewa kadi ya kazi iliyowalazimu kufanya kazi siku 30 katika kila miezi minne kwa walowezi. Baadaye, katika mashamba ya mkonge, kipande kilikuwa kadi yenye nafasi za siku 30 za kazi. Mfanyakazi alipomaliza sehemu yake ya siku, siku hiyo ilitiwa alama. Siku zote 30 zilipotimia, ndipo alipolipwa mshahara. Aliyepoteza kipande alipoteza ushahidi wa jasho lake. Ndiyo maana kilifungwa katika kitambaa na kulazwa chini ya kichwa.

Tukilinganisha kipande na mstari wa Kitabu cha Wabatizwa, tunaona jambo la kutafakari. Kipande kilimwandika mtu kwa kadiri ya kazi aliyoitoa, na namba ilichukua nafasi ya jina. Kitabu cha ubatizo nacho kina namba, lakini namba hiyo humwelekeza msomaji kwenye jina, na kwenye jina la baba, la mama na la msimamizi. Mtoto wa mkata mkonge aliyeletwa kubatizwa aliandikwa katika daftari lile lile, kwa wino ule ule, kama mtoto wa karani au wa bwana shamba. Wajukuu wa watu hao, ambao leo wanajitambua kuwa watu wa Korogwe na hawajui kwa hakika babu yao alitoka kijiji gani, wanaweza kuanza utafutaji wao katika mistari kama hiyo.

Tusikidharau kipande kwa sababu hiyo. Familia inayokipata leo katika sanduku la marehemu imepata ushahidi kwamba mzee wao alikuwapo, katika shamba fulani, wakati fulani, akifanya kazi ngumu. Mashamba mengi yamebadili wenyewe zaidi ya mara moja, yakiwamo yaliyotaifishwa baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 na kubinafsishwa miaka ya baadaye. Asitumaini mtu kwamba daftari lenye namba ya babu yake bado lipo katika kabati fulani. Kipande chenyewe ndicho kilichobaki.

Karatasi zisizo na kitabu

Hapo tumeifikia aina ya pili, ambayo ndiyo hutupwa kwa urahisi zaidi. Barua ya baba aliyokuwa akiiandika kila mwisho wa mwezi kutoka kazini. Picha ya harusi ya mwaka 1972, iliyopigwa mbele ya pazia la studio mjini Tanga. Daftari ambamo bibi aliandika waliochangia msiba, nani alitoa debe la mahindi na nani alitoa shilingi ngapi. Ratiba ya mazishi yenye wasifu wa marehemu. Kadi ya kumbukumbu ya upadrisho au ya nadhiri za kwanza. Shajara ya katekista iliyoandika vijiji alivyovizungukia kwa baiskeli. Karatasi hizi hazina muhuri, hakuna ofisi inayoziulizia, na hazimwezeshi mtu kupata ajira wala mkopo. Kwa sababu hiyo, baada ya mazishi, nyumba inapofagiwa na nguo kugawanywa, huchomwa pamoja na magodoro.

Lakini tujiulize: katika mfuko ule wa familia, ni karatasi ipi ambayo haiwezi kupatikana tena? Cheti cha kuzaliwa kinaweza kuombwa upya RITA. Cheti cha ubatizo hutolewa tena na parokia. Kwa aliyepoteza cheti cha mtihani, Baraza la Mitihani lina kumbukumbu za matokeo na taratibu zake za kuyathibitisha, baada ya taarifa ya upotevu kutolewa polisi. Barua ya mama haina pa kuombwa. Kwa hiyo familia yenye busara huzilinda karatasi za aina ya kwanza kwa sababu kuzipata upya ni gharama na usumbufu, na huzilinda za aina ya pili kwa sababu hazipatikani upya kabisa.

Tena karatasi hizi husema yale ambayo vyeti haviwezi kusema. Cheti cha ndoa hueleza kwamba watu wawili walioana tarehe fulani; barua hueleza namna walivyovumiliana mwaka wa njaa. Cheti cha kifo hutaja siku na sababu. Daftari la msiba huonyesha ni watu gani, wa dini gani na wa vijiji gani, walikuja kulia pamoja na familia. Katika wilaya hizi, ambako Wakristo na Waislamu wanaishi nyumba kwa nyumba na mara nyingi ndani ya ukoo mmoja, daftari kama hilo ni ushahidi wa ujirani ambao watoto wetu watauhitaji.

Wazigua waliorudi bila karatasi

Handeni inao mfano unaostahili kujulikana na kila mwenyeji wake. Katika karne ya 19, wakati wa njaa kali na biashara ya utumwa, Wazigua wengi walichukuliwa kutoka maeneo haya wakapelekwa kwa majahazi hadi pwani ya Somalia. Baadhi yao walitoroka, wakajenga vijiji vyao katika misitu ya kando ya mto Juba. Mapokeo yao humkumbuka mwanamke kiongozi, Wanankhucha, aliyewaongoza katika kutafuta uhuru. Hawakuwa na cheti wala hati yoyote iliyosema walitoka wapi. Walichokuwa nacho ni lugha ya Kizigua, majina ya koo, ngoma na masimulizi, navyo vilipokezanwa kutoka kizazi hadi kizazi kwa zaidi ya miaka 100.

Vita vilipozuka Somalia mwaka 1991, walikimbia tena. Wengi walifika katika kambi za Kenya, na baadaye wapatao 12,000 kati ya watu wa jamii hizo za Juba walipokelewa Marekani. Wengine walikuja Tanzania na kuhifadhiwa katika kambi ya Mkuyu, wilayani Handeni. Kuanzia mwaka 2003 wakapewa makazi ya Chogo, katika wilaya hiyo hiyo, pamoja na ardhi ya kulima. Walikuta watu wanaowaelewa wanapozungumza. Serikali ya Tanzania ilitambua uhusiano wao wa asili na nchi hii, na wengi wao, kwa utaratibu wa tajnisi, wakapewa vyeti vya uraia.

Mfano huu unatufundisha mambo mawili kwa pamoja. La kwanza ni kwamba utu na asili ya mwanadamu haviumbwi na karatasi. Watu hawa walikuwa Wazigua muda wote ambao hakuna ofisi iliyowaandika, na kumbukumbu ya wazee wao iliwafikisha hadi mlangoni. La pili ni kwamba kumbukumbu peke yake haikuwavusha mlango huo. Mtoto aliyezaliwa Chogo alihitaji karatasi yenye jina lake ili asome, atibiwe, amiliki shamba na asafiri bila kukamatwa. Mtu aliyewahi kuishi bila hati hahitaji kuelezwa kwa nini cheti cha uraia hufungwa katika nailoni mbili na kuwekwa mahali pa juu kabisa ndani ya nyumba.

Namna ya kuzitunza

Maadui wa karatasi katika mazingira yetu wanajulikana: mchwa, mende, panya, unyevu, moshi, jua na mikono yetu wenyewe. Yafuatayo hayahitaji fedha nyingi.

Sanduku lisikae sakafuni wala kuegemea ukuta wa udongo. Liinuliwe juu ya matofali au mbao, na likaguliwe angalau kabla na baada ya masika. Karatasi zilazwe bila kukunjwa, kwa kuwa cheti kilichokunjwa mara nne hukatikia kwenye mikunjo. Zisifungwe kwa pini wala waya, vinavyoshika kutu, na zilizochanika zisibandikwe kwa gundi ya nailoni, ambayo hugeuka kahawia na kuyala maandishi. Vyeti visitiwe laminesheni ya moto, maana plastiki hiyo haibanduki tena bila kuharibu karatasi, na huweza kumzuia mhakiki kuugusa muhuri wa kubonyeza. Bahasha ya plastiki iliyo wazi upande mmoja yatosha.

Nyuma ya kila picha, kwa penseli laini na bila kukandamiza, yaandikwe majina ya waliomo, mahali na mwaka. Kazi hii ifanywe wazee wakingali hai, kwa sababu picha isiyo na majina, baada ya vizazi viwili, ni picha ya wageni. Nakala za vyeti zithibitishwe kwa wakili au hakimu na zitunzwe katika nyumba nyingine, kwa ndugu anayeaminika, kama Baruku alivyotunza nakala mbili. Kuzipiga picha kwa simu ni vyema, lakini simu huibwa na kuharibika, na picha ya kitambulisho isitumwe kwa kila anayeiomba.

Mwisho, watu wawili katika familia wajue sanduku liko wapi na ndani mna nini. Karatasi moja iwekwe juu, yenye orodha: jina la kila mtu, alibatizwa parokia gani na mwaka gani, alifunga ndoa wapi, shamba limeandikishwa wapi, wosia umehifadhiwa kwa nani. Orodha hiyo ni ufunguo wa vitabu vyote tulivyovitaja. Hata sanduku zima likiungua, aliye na nakala ya orodha hiyo kwa ndugu yake anajua aanzie wapi.

Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo zinaweza kusaidia sana hapa, hasa kwa wazee wasiosoma na kwa wajane wanaoishi peke yao. Katika ziara za kawaida za jumuiya, mtu mmoja mwenye mwandiko mzuri anaweza kumsaidia bibi kuandika orodha yake na majina nyuma ya picha zake, kumkumbusha binti yake kuandikisha mtoto ndani ya siku 90, na kumwelekeza jirani kwenye ofisi inayohusika. Hilo nalo ni tendo la huruma, kwa kuwa humpatia mnyonge shahidi kabla hajaitwa mbele ya baraza.

Kila mwaka mwezi Novemba, waamini huandika majina ya marehemu wao na kuyaleta ili waombewe katika Misa Takatifu. Orodha nyingi huishia kwa babu na bibi. Juu ya hapo kalamu husimama, si kwa kukosa upendo, bali kwa kukosa majina. Bwana wetu aliwaambia wanafunzi wake wafurahi kwa sababu majina yao yameandikwa mbinguni, na kitabu hicho hakiliwi na mchwa. Sisi tuliobaki huku tumepewa kazi ndogo zaidi, ya kuyatunza majina hayo katika karatasi, ili wanaotufuata wajue ni nani wa kumshukuru na ni nani wa kumwombea.